Barua ya wazi kwa wenye maktaba za Lubumbashi: tupeni orodha zenu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi,
Kwa wenye kusimamia elimu na utamaduni katika serikali ya Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa wakuu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa vyuo vingine vya juu vya mji,
Kwa wakurugenzi wa Makumbusho ya Taifa, wa Halle de l'Étoile, wa parokia na wa shule zote zenye chumba cha vitabu,

Wakubwa wetu, salamu na heshima.

Naanza na ombi lenyewe, ili asiye na wakati asome aya hii tu. Kila maktaba ya mji huu, iwe kubwa au ndogo, itoe orodha ya vitabu vyake katika faili ambalo kompyuta nyingine inaweza kulisoma. Ilitoe upya kila mwezi, na imruhusu yeyote kulitumia. Hayo mengine nitakayoyaeleza hapa chini, yaani ramani, picha za majalada, ujumbe wa simu na kutafuta kitabu katika maktaba zote kwa mara moja, yanajengwa juu ya orodha hizo. Bila orodha, hata mkituletea kompyuta mia tutabaki hapa tulipo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika komini ya Katuba, hapa mjini. Wanafunzi wangu wanapanda taksi-busi hadi katikati ya mji kwa faranga walizopewa na mama zao, wanafika, wanakuta mlango umefungwa, au kitabu kimeazimwa, au hakikuwapo tangu mwanzo. Akirudi mikono mitupu mara mbili, mtoto haendi tena. Ananunua mega kidogo za intaneti, anapiga picha kurasa za daftari la mwenzake, na utafiti wake umeishia hapo. Simlaumu. Kama ningekuwa na umri wake ningefanya vilevile.

Dawa ninayoiomba imeshajaribiwa. Mwaka 2005, huko Marekani, fundi wa kompyuta aitwaye Paul Rademacher aliona kwamba matangazo ya nyumba za kupanga yako kwenye tovuti ya Craigslist, na ramani ziko kwa Google, wala hivyo viwili havijuani. Akayachukua matangazo ya huku akayabandika juu ya ramani ya kule, na mtu akaweza kutazama mara moja tu akaona nyumba za bei yake ziko mtaa gani. Hakuwa na nyumba ya kupangisha wala hakuchora ramani. Alishona tu, kama fundi nguo anayetumia kitambaa cha duka hili na vifungo vya duka lile.

Januari 2008 ndugu zetu wa Kenya walilifanyia jambo hilo kazi nzito zaidi. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunganisha ramani ya mtandaoni na taarifa ambazo wananchi walizituma kwa SMS na kwa fomu ya wavuti. Hiyo ndiyo Ushahidi. Mwaka huo haukuisha kabla chombo hicho hakijatumika kwa habari za vita vya mashariki mwa nchi yetu pia. Naitaja kwa makusudi, kwa sababu kila ninapozungumza mambo haya mbele ya wakubwa nasikia jibu lilelile: hayo ni ya Ulaya, kwenye intaneti ya kutosha. Ushahidi ilizaliwa Afrika, na simu ndogo ya tochi iliweza kuitumikia.

Sasa tuje kwa vitabu, maana hapa Lubumbashi kuna ugumu ambao mkutubi wa Paris hana, na ugumu huo ndio unaonifanya niseme kwamba sisi tunahitaji kuunganisha kuliko yeye.

Mtazameni mwanafunzi anayeandika memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, kuhusu maisha ya wafanyakazi wa migodi kabla ya uhuru. Anaandika neno «Lubumbashi» kwenye kisanduku cha kutafutia. Vitabu anavyovihitaji zaidi havitokei, kwa kuwa mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966, na waliovichapa waliandika Élisabethville. Anajaribu «Likasi», na vitabu vimeandikwa Jadotville. Anajaribu «Haut-Katanga», jimbo lililozaliwa 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, wakati kitabu cha mwaka 1980 kinasema Shaba, jina tulilolibeba kutoka 1971 hadi 1997. Hata chuo chenyewe kimebadilisha ngozi: kiliundwa 1955 kama Chuo Kikuu Rasmi, kikamezwa na UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, kikatoka humo 1981 kikiitwa UNILU. Memwari za miaka hiyo kumi ya katikati zina jina la UNAZA kwenye jalada, na anayetafuta UNILU haoni kitu, ingawa ziliandikwa kwenye viti vilevile.

Na majina ya watu? Mwaka 1972 Mobutu aliagiza tuache majina ya ubatizo. Waandishi wetu wakawa na majina mawili, moja la kabla na moja la baada. Mwangalieni Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, aliyefundisha hapa na kufariki Aprili 2025. Kuna mahali ameandikwa Valentin-Yves, pengine Vumbi Yoka, pengine V. Y. tu. Alikitolea chuo chetu vitabu vyake binafsi, nasi tunajivunia hilo, ni haki yetu. Lakini orodha inayodhani kwamba Valentin-Yves na Vumbi Yoka ni watu wawili inamkata mtu huyo vipande viwili katika mji aliofundisha.

Kazi hii ya kuunganisha majina imeshafanywa na wengine, na iko wazi kwa kila mtu. Wikidata, iliyoanza 2012, inampa kila mtu, kila mji na kila taasisi namba moja, na chini ya namba hiyo yamekusanywa majina yote ya zamani na ya sasa, ya Kifaransa, ya Kiswahili, ya Kiingereza. VIAF inafanya hivyo kwa waandishi, kwa kukusanya orodha za majina kutoka maktaba za taifa za nchi nyingi. Programu yenu ikichukua majina hayo kupitia ule mlango ambao mafundi wanauita API, mwanafunzi ataandika Lubumbashi naye atapewa Élisabethville pamoja nayo, bila mkutubi kurekebisha fishi, yaani kadi ya kitabu, hata moja kwa mkono. Mkutubi mmoja tu akiweka namba ya Mudimbe kwenye orodha ya pamoja, maktaba nyingine zote zimeshafaidi. Jina likikosekana huko, sisi wenyewe tunaruhusiwa kuliongeza, na nani mwingine atamjua mshairi wa Kamalondo kama si sisi?

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo lingine linaloniuma. Vitu vingi vyetu viko mbali, na vinaonekana bure, lakini hakuna rafu ya hapa inayotuelekeza kwake. Mwaka 1965 watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile cha mtaani, si cha darasani. Watafiti wa Amsterdam waliiweka mtandaoni, maandishi ya asili pamoja na tafsiri. Gitaa la Mwenda Jean-Bosco lilirekodiwa Jadotville mwaka 1952 na mtafiti wa muziki Hugh Tracey, ambaye mkusanyo wake umehifadhiwa Afrika Kusini. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana picha na karatasi za nchi yetu, na sehemu yake inatazamika kwenye wavuti. Ukurasa wa kitabu chochote kuhusu mji huu ungeweza kubeba viungo vya vitu hivyo pembeni, vikijileta vyenyewe. Mtoto wa Ruashi akifungua kitabu cha historia ya shule aone papo hapo kwamba babu wa jirani yake aliwahi kuandika. Mimi nililijua hilo nikiwa mtu mzima tayari, tena kwa bahati.

Orodha zinatengenezwaje? Kwa vitabu vya karibuni, kwa urahisi kuliko mnavyodhani. Nyuma ya kitabu kuna mistari myeusi yenye ISBN, tarakimu 13 tangu Januari 2007, tarakimu 10 kabla ya hapo. Kamera ya simu inaisoma. Namba hiyo ikipelekwa kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa au kwa Open Library, inarudi na mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka. Open Library inaweza kutoa na picha ya jalada. Mkutubi anahakiki, anaongeza namba ya rafu, anaendelea na kingine.

Vitabu vya zamani ndivyo kazi. ISBN ilianza kuenea karibu mwaka 1970, na maktaba za mji huu zimejaa vitabu vilivyochapishwa kabla ya hapo. Hivyo vinatafutwa kwa jina. Kuna utaratibu wa siku nyingi uitwao Z39.50 unaoiwezesha maktaba moja kunakili rekodi kutoka maktaba nyingine, na mara nyingi kitabu cha Brussels cha 1950 tayari kina rekodi nzuri mahali fulani. Kisichopatikana kinaandikwa kwa mkono. Kuhusu programu za kuendeshea maktaba, kuna Koha, iliyoanza kazi Januari 2000 katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, na kuna PMB ya Wafaransa. Zote mbili ni za bure na zote zinazungumza Kifaransa. Maktaba ya parokia isiyoweza hata hiyo ianze na jedwali la safu tano: mwandishi, jina, mwaka, ISBN kama ipo, na kama kitabu kipo au kimeazimwa. Jedwali hilo linatosha kabisa kuingia kwenye orodha ya pamoja. Nalisisitiza kwa sababu nimewaona wakubwa wakisubiri mfadhili wa mfumo mkubwa huku fishi za kartoni zikiliwa na mchwa.

Ramani ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo watu wa dunia nzima wanaichora bure tangu 2004, kila maktaba inaweza kuwekewa saa zake za kufungua. Ukiandika mara moja, kila programu inayotumia ramani hiyo itazisoma. Kwa chombo kama uMap, kijana mmoja mwenye kompyuta moja anaweza kutengeneza ramani ya maktaba zote za komini za mji kwa siku moja. Mnachohitaji kumpa ni ukweli: saa mnazofungua hasa, si zile zilizoandikwa kwenye ubao wa mlangoni.

Najua mtauliza kuhusu umeme na mega. Ni swali la haki. Basi tuanze na uzito wa jambo lenyewe: maandishi tupu ya rekodi za vitabu elfu kumi ni megabaiti chache, chini ya video moja ya muziki. Orodha ya mji mzima inaweza kuingia kwenye flashi, ikapitishwa simu kwa simu, ikatafutwa bila intaneti, na kusasishwa mwezi unaofuata. Picha za majalada zije kwa anayezitaka tu. Kwa asiye na simu ya kioo, kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu inaweza kupokea SMS yenye jina la kitabu na kujibu: kipo, maktaba fulani, imefunguliwa hadi saa kumi. Na ndani ya chumba cha kusomea, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotumia umeme kidogo sana, inaweza kurusha wifi isiyo na intaneti ikiwa imebeba orodha hiyo pamoja na Wikipedia ya Kiswahili na ya Kifaransa kupitia Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Hili nalo lina ushahidi wa karibu: mwaka 2014 wakimbizi Wakongomani walioko kambini Burundi walikuwa watu wa kwanza kupokea maktaba za masanduku za Bibliothèques Sans Frontières, zenye vitabu, tabuleti na vitu vya kusoma bila mtandao. Kilichowezekana kambini kinawezekana Kampemba.

Kwa vyuo nina neno fupi la ziada. Kwenye mpango wa Research4Life nchi yetu iko katika kundi la kwanza, lile lisilolipa, na chuo kikijiandikisha watafiti wake wanasoma majarida ambayo bei yake hatuiwezi. DOAJ inaorodhesha majarida yaliyo wazi kwa wote, na Unpaywall inatafuta nakala halali ya bure ya makala yaliyofungiwa. Vikiunganishwa na ukurasa wenu wa kutafutia, mwanafunzi wa udaktari anayetafuta malaria atapata kitabu cha rafuni na makala ya mwaka huu kwenye orodha moja. Zotero itamkusanyia marejeo, na pengine tutapunguza kidogo memwari zenye bibliografia iliyonakiliwa kutoka memwari ya mwaka uliopita, ugonjwa ambao walimu wote tunaujua na tunaunyamazia.

Lakini nawaonya pia, maana anayejenga kwa vitu vya wenzake anaweza kuamka vimeondolewa. Yahoo Pipes, kilichokuwa chombo kipenzi cha wakutubi wengi kwa kuunganisha habari za tovuti mbalimbali, kilianza 2007 na kikafungwa 2015. Mwaka 2018 Google ilianza kudai akaunti ya malipo kwa ramani zake, na tovuti nyingi ndogo zikaona ramani zao zimetiwa giza na maandishi juu yake. Desemba 2020 Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, iliacha kutoa funguo mpya za data yake. Kwa hiyo tukubaliane mapema: orodha yenyewe ikae hapa Lubumbashi, na nakala yake isiwe mkononi mwa mtu mmoja. Vya nje viwe mapambo. Siku vikizimwa, jalada halitaonekana lakini kitabu kitapatikana. Na panapokuwa na chombo kilicho wazi kwa wote, tukichukue hicho kabla ya kile cha kampuni.

Kuna jambo moja tu ambalo naomba lisifunguliwe kamwe: nani ameazima nini. Orodha ya vitabu ni ya mji, lakini orodha ya wasomaji ni siri. Faili la kila mwezi liseme «kimeazimwa», basi, bila jina, bila namba ya simu, bila komini ya msomaji. Namba zinazotuma SMS zifutwe baada ya jibu. Sheria ya nchi kuhusu mambo ya kidijitali, ile ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi za watu, na hata isingekuwapo, msichana anayesoma kuhusu uzazi au kijana anayesoma siasa asingependa jambo hilo lijulikane mtaani.

Nimesikia pia hofu kwamba orodha ikiwa wazi, wezi watajua vitabu vya thamani viko wapi. Wakubwa wetu, tusemezane kama watu wazima: vitabu vya thamani vilivyopotea katika mji huu vilipotea wakati hakuna orodha. Kitabu kisichoandikwa popote hakuna wa kuulizia kilikokwenda. Hofu nyingine, isiyosemwa kwa sauti, ni aibu ya kuonyesha kwamba rafu ni chache na zimezeeka. Hiyo naielewa zaidi. Basi tuanze na rafu hizo chache, maana msomaji anayejua kwamba parokia ya komini yetu ya Kenya ina vitabu mia mbili ana faida kuliko asiyejua kitu.

Wakutubi wetu wasibebeshwe hili peke yao. Wengi wanafanya kazi kwa moyo kuliko kwa mshahara. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa informatika ambao kila mwaka wanatafuta mada ya TFC, kazi yao ya kumalizia masomo, na wanaishia kutengeneza programu ya kuhesabu bidhaa za duka la kubuni. Wapewe maktaba halisi. Mmoja achukue ramani, mwingine SMS, mwingine majina ya Wikidata, na walimu wao wawape alama kwa kitu kinachofanya kazi.

Ninachoomba kwa kila mmoja ni hiki. Mheshimiwa Meya aite kikao kimoja cha wenye maktaba, asubuhi moja tu, na atoke hapo na karatasi iliyosainiwa ya kukubali kutoa orodha. Chuo Kikuu, kwa kuwa kina mafundi na kina vitabu vingi kuliko sisi sote, kikubali kuwa mwenyeji wa faili la pamoja na kiwe cha kwanza kutoa la kwake, hata kama halijakamilika, kuanzia na memwari za enzi ya UNAZA ambazo ni rahisi kupotea. Shule na parokia zilete majedwali yao kwa flashi. Serikali ya jimbo ilipie laini ya SMS. Sisi walimu wa Katuba tuna chumba kimoja chenye vitabu, na jedwali letu la safu tano tutalileta siku ya kikao, vitabu vilivyochanika vikiwemo.

Atakayekataa, naomba aandike sababu zake hadharani kama nilivyoandika mimi, ili tuzijibu moja moja.

Wenu katika kazi,
Mwalimu na msomaji,
Komini ya Katuba, Lubumbashi